Baba Mdogo, Nitumie Kota Pini

Nottingham, Uingereza

Kwa Baba Mdogo na wote mlio hapo Kebirigo,

Mimi ni mzima, ila baridi ni nzima zaidi. Najua barua hii itasomwa kwa sauti dukani kabla haijafika nyumbani, kwa hivyo nawasalimu na walio dukani.

Mliuliza kama nimenunua gari. Nimenunua baiskeli. Tena nzee, zile za mbio, zenye usukani uliopinda kuelekea chini, mtu anaendesha kidevu kikikaribia tairi. Ni Raleigh ya miaka ya 70, na imeandikwa waziwazi kwamba ilitengenezwa Nottingham. Hapa hapa! Baba Mdogo, ninaishi katika mji ulioandikwa kwenye ile baiskeli ya marehemu Babu, aliyoibebesha ndizi mpaka Daraja Mbili na kurudi akiisukuma mlimani.

Msidhani basi spea zake zinaokotwa njiani. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2002, na mahali palipokuwa na mitambo sasa ni chuo kikuu. Nikienda zamu ya usiku napita hapo, naona vijana wamebeba kahawa mahali ambapo maelfu ya watu walikuwa wakiunga fremu. Baiskeli nyingi zenye jina hilo siku hizi zinatoka Asia. Ni sawa na kwenda Tabaka ukaambiwa mawe ya kuchonga yanakuja kwa meli.

Fundi wa hapa haketi chini ya mti. Ana duka la vioo, aproni na daftari la miadi. Nilipangiwa wiki iliyofuata, nikadhani baiskeli inalazwa. Siku ilipofika akaizunguka mikono ikiwa nyuma, hakuigusa, akaandika: cheni imekwisha, friwili imekwisha, tairi zimepasuka, pini za padeli zinacheza. Gharama ya kazi peke yake ikapita bei niliyoinunulia. Akanishauri kwa upole mwingi ninunue nyingine. Nani Kisii amewahi kumsikia fundi akimwambia mteja anunue nyingine? Mteja angeona ametukanwa, na fundi angelala njaa.

Nikaamua kujifanyia. Cheni haikunisumbua, maana hiyo huzungumza lugha moja dunia nzima: kiungo kimoja ni nusu inchi, kwa hivyo viungo 24 lazima viwe inchi 12 juu ya rula. Vikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni itupwe. Vikizidi kwa sehemu moja ya nane, jua imeshakula meno ya friwili, na cheni mpya itayaruka. Yangu ilikuwa imezidi hata hapo. Nikanunua vyote viwili, na jioni hiyo nikala mkate mkavu.

Tairi ndizo kichekesho. Rimu zangu huitwa 27, na tairi zake hukaa kwenye kipenyo cha milimita 630. Baiskeli ya Black Mamba ya hapo nyumbani ni 28, milimita 635. Baiskeli za mbio za kisasa huitwa 700, na kipenyo chake ni 622. Yaani 700 ni ndogo kuliko 27! Mwalimu angefundisha hesabu hiyo shuleni kwetu, wazazi wangefika asubuhi na viboko. Tena msithubutu kugusa gololi za katikati, kwa sababu kikombe chake kina nyuzi za skrubu 26 kwa inchi, wakati karibu Uingereza yote ilitumia 24. Raleigh walikuwa na mambo yao.

Sasa hizo pini za padeli, yaani kota pini, ndizo zimenifanya niandike. Jumapili ile uliponishikia simu fundi wetu wa steji akanielekeza, uliona nusu tu. Aliposema, “Weka bomba chini ya mkono wa padeli, nyundo isiumize gololi, kisha piga kama mtu mwenye deni,” nilipiga. Aliposema nati si ya kuvuta pini bali ya kuizuia tu, nilielewa. Na aliponikumbusha kwamba pini mbili huingia kwa kutazama pande tofauti, la sivyo padeli hazitakaa mkabala, nilijua hapa Nottingham hakuna aproni inayomfikia.

Ambacho hukukiona ni karatasi iliyosukumwa chini ya mlango baadaye. Hapa jirani hagombani nawe, anakuandikia. Alitumaini sijambo. Alifurahi kuona nina shughuli ya mikono. Akajiuliza kama pengine, nikipata nafasi, ugongaji ungeweza kuhamia siku nyingine. Nilimpelekea Mkenya mwenzangu kazini anionyeshe tusi liko wapi. Akasoma, akatikisa kichwa, akasema barua yote ndiyo tusi.

Na pini zenyewe hazikufaa. Zile za mtandaoni ni laini, nyundo ikizigusa zinavimba kichwa, na baada ya vilima viwili padeli inaanza tena kugonga: tok, tok, tok. (Vilima vya hapa, lakini. Angekuja mtu wa Manga angecheka.)

Kwa hivyo naomba unipitie Keroka, kwenye duka la spea za Black Mamba, unitafutie kota pini nne za chuma kigumu. Unene ni milimita 9.5. Watakupa za 9 na kusema zitaingia tu. Zitaingia kweli, halafu zitatoka. Nimechora moja nyuma ya karatasi hii kwa saizi yake, pimisha hapo hapo kaunta. Zikizidi mteremko nitazipunguza kwa tupa.

Mpe mtoto wa Mama Mkubwa anayesafiri Septemba. Aziweke kwenye sanduku kubwa, si mkobani, asije akaulizwa uwanjani anabeba silaha gani. Kama sanduku limejaa, apunguze unga wa wimbi. Hapana, wimbi asiguse, apunguze nguo zake.

Pesa za pini nitatuma kwa M-Pesa Ijumaa mshahara ukiingia. Zile za paa la kanisa tutazungumza.

Ni mimi mwanao