Tunaomba Kung'atwa na Nyani wa Serikali

Kwa Mheshimiwa Ofisi Inayohusika,
Popote ulipo,
Wilaya ya Rusizi.

YAH: MAOMBI YA KUNG'ATWA NA MNYAMA ANAYETAMBULIWA

Mheshimiwa,

Utuwie radhi kwa kutotaja jina lako, si dharau. Kila mlango tunaobisha tunaambiwa tukuone wewe, Ofisi Inayohusika, na hadi leo hajatokea wa kutuonyesha unapokaa. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, tena kwa Kiswahili, lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, pengine barua itapita mikononi mwa mtu anayekufahamu.

Ombi letu ni dogo. Ikilazimu tung'atwe, basi tung'atwe na nyani.

Si kwamba tunampenda. Ni kwamba nyani ana makaratasi. Kwa sheria ya 2011, mnyama wa hifadhi akimjeruhi mtu au akimlia shamba, kuna fidia, na mfuko wa kuilipa uko Kigali. Mfuko huohuo ndio unaowalipa waliogongwa na gari lisilo na bima au na dereva aliyetoroka. Aliyewaandika nyani na dereva huyo kwenye daftari moja bila shaka alikuwa akiwafahamu vizuri wote wawili.

Mbwa wa mtaani hana mfuko. Akikushika mguu jioni, kesho yake unaanza ziara. Mudugudu, yaani kijijini, wanakuuliza: mbwa wa nani? Hujui. Ungemjua mwenyewe, ungekuwa uani kwake saa hizi, si ofisini kwao. Wanakuandikia uende seli, seli wanakuelekeza sekta. Veterineri ana ng'ombe, nguruwe, kuku na mikutano, na anakukumbusha kwa upole kwamba yeye hutibu wanyama. Wanaotibu watu nao, baada ya kutazama kadi yako ya mituweli, bima ya afya, wanataka kujua kama mbwa alichanjwa. Kamuulize veterineri. Kufikia hapo mbwa ndiye pekee anayejua aendako.

Sisemi nchi haiwezi. Ng'ombe wetu anatembea na hereni yenye namba sikioni. Ndege zisizo na rubani zilizoanza 2016 kwa kubeba damu ya wagonjwa siku hizi zinabeba hata mbegu za nguruwe. Sina wivu. Nasema tu kwamba nchi inayompelekea nguruwe mchumba kwa njia ya anga haiwezi kushindwa kumpa mbwa sindano.

Naacha mzaha kidogo. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, hakina daktari, anayeugua huzikwa. Kabla ya hapo kinazuilika kabisa: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu apate chanjo mapema. Kwa hiyo siku unazozipoteza kati ya mlango na mlango si usumbufu tu. Kirusi hakisubiri mhuri. Duniani, katika kila watu 100 wanaokipata, 99 wamekipata kwa mbwa, na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Njia ya mkato tunaijua pia: nyama yenye sumu usiku, mizoga asubuhi. Mbwa wengine huja kujaza nafasi, hawajachanjwa, na tunarudi palepale na harufu juu.

Nilikuwa karibu kuifunga barua hapo, nikidhani ombi la nyani limekamilika. Wakulima wa Bweyeye na wanaolima kandokando ya msitu wa Cyamudongo wakanizuia. Wakasema: usimsifie sana huyo ndugu yako.

Kwanza, amepanda cheo. Septemba 2023 hifadhi yetu ya Nyungwe iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia, kwa hiyo anayekula mahindi ya Bweyeye sasa si mwizi, ni mrithi. Pili, anajua kalenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wakati kila mwenye nguvu yuko kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na shamba halina mlinzi, yeye hahudhurii na hatozwi faini. Tatu, haachi anwani. Mkulima aripoti kwa viongozi, hasara ikaguliwe, fomu ijazwe, ndipo faili lipande Kigali. Mkaguzi akichelewa, mabua yaliyobaki yanamalizwa na mbuzi wa jirani, na mbuzi hayumo kwenye sheria ile. Sasa nani athibitishe gunzi hili ni la nyani na lile ni la mbuzi? Tulipendekeza nyani atie kidole gumba. Wazo bado linafanyiwa kazi.

Tunajua utatukumbusha mgawo. Kweli, majirani wa hifadhi walikuwa wakipata asilimia 5 ya mapato ya utalii tangu 2005, na 2017 ikawa 10. Madarasa yamejengwa kwa fedha hizo na tunashukuru. Ila aliyeliwa shamba hawezi kuchemsha darasa akawapa watoto.

Basi tunaliondoa ombi la kwanza na kuweka jingine. Kule Pemba waliwachanja mbwa na kichaa kikakoma. 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakachanja upya, na kabla 2018 haijaisha kikawa kimekwisha. Mtasema wale ni watu wa kisiwa. Na sisi tuna Nkombo, sekta nzima iliyozungukwa na Ziwa Kivu. Anzieni huko. Chanjeni mbwa wa Nkombo wote, wenye mwenyewe na wasio naye, halafu vukeni maji mje Kamembe, mkizungumza na wenzenu wa Bukavu, kwa sababu mbwa wa ng'ambo havuki kwa lesepase ya mpakani.

Kuhusu nyani, mkaguzi afike shambani kabla mbuzi hajafika. Na kuhusu wewe mwenyewe, Mheshimiwa, tunaomba jina lako na namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili, vibandikwe kwenye mlango wa kila sekta. Sekta zetu ni 18 tu, karatasi hazizidi 18. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Usiandae hotuba wala fulana. Njoo na sindano.

Wako mtiifu, ambaye bado hajang'atwa,

Mkazi wa Kamembe