Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa 13 wa Baraza la Jiji la Washington

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la viti visivyo na wenyewe. Vibao vya namba za magari ya jiji lenu vinalalamika kwamba wananchi wanatozwa kodi bila uwakilishi, na malalamiko hayo ni ya haki: watu karibu 700,000, wengi kuliko wa jimbo la Wyoming, hawana seneta hata mmoja. Kwa hiyo nimestaajabia utulivu wenu pale viti vya ngazi ya chini kabisa, vya Tume za Ushauri za Mitaa, vinapokaa vitupu. Maeneo yanayowakilishwa na viti hivyo ni 345, kila moja likiwa na wakazi wapatao 2,000, na mjumbe wake, kama balozi wa nyumba kumi, halipwi senti.

Kiti kikibaki wazi, Bodi ya Uchaguzi hutangaza habari hiyo katika gazeti rasmi la jiji, ambalo bila shaka kila mama anayetoka zamu ya usiku hulisoma kwenye basi. Anayekitaka hukusanya saini 25. Akiwa peke yake, amepita bila kupingwa, wala hakuna haja ya kusumbua sanduku la kura. Watanzania watautambua utaratibu huu mara moja, ila wao huugombania.

Mtasema tume hizi hushauri tu, hivyo kiti kitupu hakimdhuru mtu. Lakini ni sheria yenu wenyewe inayozitaka idara za jiji ziupe ushauri huo uzito mkubwa, kuanzia leseni za vileo hadi vibali vya ujenzi. Mtaa usio na mjumbe una uzito wa nani? Mtasema pia watu hawajitokezi kwa sababu hawajali. Basi tazameni eneo la 7F07, ambamo wakati huo lilikuwamo gereza la jiji. Kiti chake kilikaa kitupu miaka mingi. Mwaka 2020 mliwarudishia wafungwa haki ya kupiga kura, na Juni 2021 wagombea watano, wote wakiwa ndani, walikishindania; akashinda Joel Castón. Kumbe waliodhaniwa hawajali walikuwa wamefungiwa mlango, na kwa hilo nawapongeza bila kejeli. Mwaka 2022 mkawaruhusu hata wasio raia kupiga kura za jiji. Haki mmeitoa, kilichobaki ni kumpa muda mama mwenye kazi mbili, na posho ya kumlipa mlezi wa watoto jioni ya kikao haiwezi kuifilisi hazina.

Najua kuna pabaya zaidi. Jimbo la Banissa, Kenya, lilikaa bila mbunge tangu Machi 2023 hadi Novemba 2025, kwa sehemu kubwa kwa kuwa tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Lakini Wakenya walipiga kelele.

Hata kwenu Barazani, Februari 2025 mlipomfukuza mwenzenu, mjumbe wa Kata ya 8, wakazi zaidi ya 80,000 walingoja hadi Julai 15, vituo vikafunguliwa, kura zikapigwa, na wakamrudisha yuleyule. Gharama zote hizo za nini? Napendekeza kiti cha Baraza kikiwa wazi tena, kitangazwe katika gazeti lilelile, na atakayewahi na saini 25 akiwa peke yake akae hapo karibu nanyi. Mkiona hapana, basi tafadhali nielezeni kwa maandishi kwa nini.