Jinsi ya Kumvalisha Simonov Miwani

Kwanza kabisa, tafuta bunduki isiyotaka darubini. Wengi huharibu mambo hapa. Wanaingia dukani Texas au Ohio, wananunua AR-15 ya siku hizi yenye mgongo bapa na ile reli ya mifereji ambayo jeshi la Marekani liliiwekea kiwango chake mwaka 1995, na pete yoyote ya kipimo hicho inaingia bila ubishi. Darubini inakaa, skrubu zinakazwa, kahawa haijapoa. Jumamosi nzima imebaki na huna la kufanya. Anayetaka darubini ya kuishi nayo, kugombana nayo na kuitolea fedha kila mwezi, achukue SKS.

Bunduki hii ya nusu-otomatiki ilibuniwa na Sergei Simonov katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1945. Inabeba risasi kumi za 7.62×39 tumboni, na hulishwa kwa juu: unasimamisha kibanio chenye risasi kumi, unasukuma kwa dole gumba, zote zinazama. Wachina waliitengeneza kwa wingi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani wakaanza kuinunua kwa bei ya chee, mpaka serikali ya Clinton ilipofunga mlango wa bunduki za China mwaka 1994. Leo iliyo nzima, isiyochokonolewa, inauzwa kwa mamia ya dola. Shika neno hilo, isiyochokonolewa, maana tunakwenda kuichokonoa.

Kabla ya kugusa bisibisi, hakikisha bunduki haina risasi, kisha hakikisha tena. Sentensi hiyo peke yake haina kejeli.

Sasa tuchague darubini. Kwenye kasha utakuta namba kama 3-9x40. Mbili za mwanzo zinasema kitu kitakuzwa mara ngapi, ya mwisho ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Mtu mwenye kiasi angechukua hiyo, au ndogo zaidi. Wewe chukua 6-24x50. Ukiikuza mara 24 utaona vizuri kabisa jinsi mapigo ya moyo wako yanavyoutikisa msalaba wa kulengea. Gawanya 50 kwa 24 upate upana wa mwanga unaofika jichoni: milimita 2 na kidogo. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka kama milimita 7, kwa hiyo magharibi ikiingia, wakati paa anatoka kichakani, utatazama usiku uliokuzwa mara 24.

Muuzaji atakusifia pia kitufe cha kurekebishia: kila mlio mmoja husogeza shabaha robo ya inchi kwa umbali wa yadi 100. Msikilize kwa heshima. SKS ya kawaida, na risasi za kawaida, kwa umbali huohuo hutawanya matundu kwenye duara la inchi tatu au nne. Utakuwa na uwezo wa kusahihisha robo inchi ya kosa la inchi nne, na umeulipia.

Tukishanunua kioo, tunafika kwenye kiini cha mwongozo huu, yaani kukifunga. Tumia kishikio kinachochukua nafasi ya kifuniko cha juu cha bunduki. Ni rahisi, hakihitaji fundi, na kinauzwa na kila mtu. Kifuniko hicho kazi yake ni kuzuia vumbi na kuishikilia springi kubwa inayolirudisha komeo mbele. Kimeshikwa na pini moja kwa nyuma, na kiliundwa kitoke upesi askari anaposafisha bunduki. Kufunga darubini juu yake ni kama kusimika antena ya televisheni kwenye kifuniko cha sufuria, halafu ukapika.

Tupige hesabu, kwa kuwa hakuna anayeipiga dukani. Chukulia pete mbili za darubini ziko sentimita 10 mbali. Kifuniko kikiinuka upande mmoja kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari, msalaba wako umehama sentimita 10 kwa umbali wa mita 100. Na kifuniko cha SKS hakichezi kwa unene wa karatasi moja. Watu wamekata makopo ya soda wakachomeka vipande vya bati pembeni ili kiache kucheza. Fanya hivyo nawe. Weka na skrubu ndogo za kubana, na gundi ya skrubu ya bluu juu yake. Kitatulia.

Kitatulia mpaka utakaposafisha. Risasi za zamani za kijeshi, zile za bei nafuu ambazo ndizo zilikufanya uipende SKS, nyingi zina viwashio vinavyoacha chumvi, na chumvi hula chuma. Kwa hiyo kila ukirudi kutoka uwanja wa shabaha lazima uifungue na kuisafisha, na ili kuifungua lazima kifuniko kitoke. Darubini inatoka nacho. Unairudisha, imekaa pengine, unakwenda tena uwanjani kuilinganisha kwa risasi zilezile zenye chumvi. Biashara ya risasi nayo inahitaji wateja.

Halafu kuna maganda. SKS hutupa ganda tupu kwa nguvu, kwa juu, na juu sasa kuna darubini ya dola mia tatu. Usishangae ukikuta imeanza kupata makovu.

Lile suala la kulisha risasi kwa juu, nadhani umeshaliona. Kibanio hakipiti tena. Utaziingiza moja moja kwa ncha za vidole chini ya bomba la darubini, au utang'oa magazini ya asili uweke ya kuchomoa. Hapo utakutana na sheria ya shirikisho inayohesabu vipande: bunduki ya nje ikigeuzwa umbo namna hiyo, isibaki na zaidi ya vipande 10 vya kigeni kutoka kwenye orodha ya vipande 20. Ulikwenda kununua kioo, sasa umekaa mezani na kalamu unahesabu uraia wa springi. Majimbo mengine yana makatazo yao juu ya hayo.

Wapo watakaokushauri utoboe ubavu wa kushoto na kufunga kishikio cha pembeni kwa skrubu za kweli. Hao wanasema kweli, ndiyo maana hawapendwi. Chuma ni kigumu, kazi ni ya fundi bunduki, na matundu yakishaingia, mkusanyaji aliyetaka kuinunua ataifunika kwa taulo kama maiti.

Majeshi yaliligundua jambo hili mapema. M1 Garand ya Marekani nayo hulishwa kwa juu, risasi nane kwa mkupuo. Mwaka 1944 walipotaka kuifanya ya wadunguaji, toleo la M1C, darubini ilisogezwa kushoto ili njia ya risasi ibaki wazi, na kwenye kitako wakafunga mto wa ngozi ili shavu la askari lifuate jicho. Warusi hawakujisumbua na SKS hata kidogo. Wadunguaji wao walibaki na Mosin-Nagant ya zamani mpaka mwaka 1963, ilipopokewa Dragunov, ambayo kishikio cha darubini kimefungwa ubavuni mwa mwili wa bunduki tangu kiwandani. Kifuniko waliachia vumbi.

Kuhusu shavu: kitako cha SKS ni kifupi na kimelala chini, kimepimwa kwa vyuma vya kulengea. Darubini ya kioo cha milimita 50 itakaa juu sana, nawe utalenga huku kidevu ndicho kimegusa mbao. Jicho liwe sentimita 8 hadi 10 nyuma ya kioo cha nyuma. Shingo itazoea au haitazoea.

Siku ya kulinganisha, anza kwa yadi 25. Piga moja, zungusha kitufe. Piga nyingine, zungusha kinyume. Endelea hivyo mpaka kasha liishe, kwani mwenye kupiga tatu kwanza, akatafuta katikati yake ndipo akarekebisha mara moja, atamaliza mapema na kulazimika kurudi nyumbani kwa mkewe. Kumbuka pia kwamba kwa yadi 25 mlio mmoja husogeza robo ya ile robo ya inchi. Wengi husahau, wakailaumu China.

Ukichoka, ondoa kila kitu. Rudisha kifuniko cha asili, futa gundi, tupa makopo. Chini yake utakuta vyuma vya kulengea vya Simonov, vilivyokazwa kwenye mtutu wenyewe, vyenye alama mpaka mita 1,000, matumaini ya Kisovieti hayo. Kwa mita 100 vinatosha. Darubini ipeleke kwenye bunduki yenye reli, na hiyo SKS iuze kabla hujaitoboa.