Chumvi ya Wenye Majonzi

Kila dawa ya homiopathi huja na picha ya mgonjwa wake. Natrum muriaticum, ambayo ni chumvi ya mezani tu, humfaa anayeumwa kichwa juani, mwenye kiu na mdomo wa chini uliopasuka katikati, anayemeza majonzi kimya na asiyetaka kubembelezwa. Sasa mtazame mkulima wa Moi's Bridge kwenye foleni ya ghala la bodi ya nafaka, NCPB, saa saba mchana, mahindi yake yakingoja kupimwa unyevu: hakosi dalili hata moja, na mwanasiasa akija kumpa pole, ndiyo kabisa! Kwa picha hiyo, lori zima la wagonjwa lingejaa kabla ya chai.

Wafuasi watasema picha hizi zina msingi: mwaka 1790 Samuel Hahnemann alijijaribia gome la mkwinini, dawa ya malaria, akahisi dalili za malaria, akahitimisha kwamba kinachozua dalili ndicho kinachoziponya. Sawa, lakini mtu mzima wa afya anayeandika kila kinachomwasha hatoi ushahidi wa tiba. Isitoshe, chumvi ya 30C huzimuliwa tone moja kwa tisini na tisa, tena na tena mara thelathini. Chumvi yenyewe huishia njiani. Watajibu: lakini mtaalamu wetu husikiliza saa nzima! Kweli, na hiyo ni aibu ya zahanati zetu. Ila anayetetemeka kwa baridi saa nne asubuhi, dalili nyingine ya picha hiyohiyo, anahitaji kupimwa damu; Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2009 malaria isitibiwe kwa homiopathi. Mwenye hamu ya chumvi aende dukani, ya huko ina hata iodini.