Barua ya Wazi kwa Mamlaka Inayouza Ruhusa

Mamlaka ya Usafiri wa Nchi Kavu,
Singapore.

Yah: SHUKRANI, PONGEZI NA MALALAMIKO KUHUSU MAGARI MADOGO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kutoka Dar es Salaam, nikiwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo ambao mwanzo wake uko kwenu. Magari mengi ya hapa hutoka Japani, lakini ya kwenu nayo yanafika: usukani kulia, viti havijachanika, rangi bado inang'aa. Kosa la gari zima namna hiyo mpaka likafukuzwa nchini ni umri wa karatasi yake. Cheti cha ruhusa ya kulimiliki kikitimiza miaka 10 na mwenyewe asipokilipia upya, ana mwezi mmoja wa kulipeleka ng'ambo au kwenye chuma chakavu. Huku gari la miaka 10 ndiyo kwanza linaanza kuzoeana na fundi. Wakenya, ambao sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hupata yale ambayo mmewashawishi wenye magari wayaachie mapema ili warudishiwe sehemu ya ada. Sisi Watanzania tunapokea hata wazee, ila tunawatoza uchakavu bandarini.

Kwa hiyo kwanza, asanteni.

Pili, pongezi. Kisiwa chenu ni kidogo kuliko Pemba, kina watu karibu milioni 6, na barabara peke yake zimeshakula asilimia 12 ya ardhi. Mei 1990 mkaamua kwamba hakuna kumiliki gari kabla ya kununua ruhusa ya kulimiliki. Mara mbili kwa mwezi mnafungua mnada, Jumatano saa 10 jioni mnaufunga, na washindi wote wa kundi moja hulipa bei moja: lile ombi kubwa kuliko yote yaliyoshindwa, jumlisha dola 1. Ndiyo maana Oktoba 2023 cheti cha magari makubwa kilisimama kwenye dola 150,001 za Singapore. Hiyo dola 1 naipenda mno. Kuna mtu alikubali kutoa 150,000 taslimu kwa ajili ya ruhusa, akaambiwa hazitoshi.

Mnada huohuo, cheti cha magari madogo kilifika dola 106,000. Na hapo kwenye madogo ndipo penye malalamiko yangu.

Dola 106,000 ni karibu milioni 200 za kwetu, na hujagusa tairi. Zigawe kwa siku za miaka 10: dola 29 kila kukicha, gari litoke au lilale, mwenyewe awe kazini au kalazwa. Ni mahari ya ndoa iliyoandikwa tarehe ya talaka. Unatoa, unakaa na mwenzio vizuri, na mwaka wa 10 shehe anabisha hodi kuuliza kama unaoa tena, kwa wastani wa bei ya sokoni ya miezi mitatu iliyopita.

Tuchukue kalamu. Kigari chenye thamani ya dola 20,000 kinateremka kwenu. Kuna ushuru wa asilimia 20, kodi ya mauzo juu yake, dola 350 za usajili, kisha ile ada ya ziada ambayo kwa kigari cha kiwango hicho ni sawasawa na bei yake, yaani dola 20,000 nyingine. Wekeni na cheti cha 106,000. Tumeshapita dola 152,000 na muuzaji hajatia faida yake. Katika kila dola 10 alizotoa mnunuzi, karibu 7 zimekwenda kwenye karatasi. Gari lenyewe, pamoja na injini, milango na redio, halikufika dola 1 na nusu.

Mwenye gari la dola 80,000 je? Huyo mnambana kweli, siwezi kuwasingizia. Ada ya ziada inampandia ngazi kwa ngazi mpaka dola 136,000. Lakini cheti chake kinachukua chini ya dola 4 katika kila 10. Yeye akiuliza bei, anatajiwa bei ya gari. Yule wa kigari anatajiwa bei ya cheti, ambayo ni ileile akichukua kibovu cha kundi lake au kizuri kuliko vyote. Sasa mtu mwenye akili timamu, akishaamua kutoa 106,000 kwa ajili ya ruhusa, atafunga ruhusa hiyo kwenye kigari cha bei ya chini? Ataongeza kidogo apate viti vya ngozi. Mliapa kupunguza idadi ya magari, na mmefanikiwa: tangu Februari 2018 ukuaji mnaouruhusu kwa magari ya watu binafsi ni sifuri. Ila anayejibana na kuchagua dogo, kwenye hesabu zenu, ndiye anayeonekana hajui hesabu.

Najua mtaniambia mliliona hilo mapema, ndiyo maana mkawatengea wanyonge Kundi A, la injini zisizozidi cc 1,600. Nia njema kabisa. Bahati mbaya Wajerumani nao wanajua kusoma. Zikaja Mercedes na BMW zenye injini za cc 1,600 na turbo juu yake, zikapanga foleni ya wanyonge zikiwa zimevaa suti. Mlipozinduka, Februari 2014 mkaongeza kigezo cha nguvu, kilowati 97. Magari ya umeme yakaja bila cc hata moja, nanyi mwaka 2022 mkayawekea mpaka wa kilowati 110. Mwaka 2024 Tesla ikawaletea Model 3 ya kilowati 110. Si 109, si 111. Gari lenye urefu wa mita 4.7 sasa ni dogo kwa mujibu wa sheria, na linagombea mnada mmoja na baba mwenye watoto watatu, pamoja na kampuni za magari ya kukodi, ambazo zikishinda gharama humhamishia dereva.

Waheshimiwa, mlichopungukiwa nyinyi ni barabara. Barabara haijui cc wala kilowati. Inajua mita. Passo zetu hazifiki mita 4, na bado dereva wa Dar hupata pa kuzichomeka pale ambapo mhandisi wenu angeapa hapana nafasi. Kwa nini basi mnapima kila kitu isipokuwa kile kinachobana? Nawapendekezea kipimo cha Manzese, mtaa wa huku Dar. Gari lipitishwe uchochoroni; likipita bila kukunja vioo vya pembeni, lipewe cheti cha bei ya chini. Likikwama, limelipa lenyewe. Niko tayari kuwatafutia mtaalamu elekezi, dereva wa bajaji, ambaye posho yake kwa mwaka mzima haitafika nusu ya cheti kimoja.

Kuhusu pikipiki sitasema mengi. Nasikia nazo mnazipigia mnada, na cheti chake kimewahi kupita dola 10,000. Habari hiyo nimeificha isifike kijiweni kwetu, maana bodaboda wataandamana kwa niaba ya wenzao wasiowajua. Yale magari yenu ya bamba jekundu nayo, yaliyopunguziwa ada kwa sharti kwamba siku za kazi yatembee kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 1 asubuhi, hapa yangenunuliwa na waume wa aina moja tu.

Nina ombi la mwisho, na ndilo lililonifanya niiandike barua hii kwa haraka. Ujumbe wowote kutoka Hazina yetu ukija kujifunza, tafadhali muwapeleke bustanini wakapige picha. Msiwaoneshe mnada. Nyinyi mlianza kuendesha treni za mjini mwaka 1987, miaka miwili na nusu kabla ya kumuuzia mtu cheti cha kwanza, kwa hiyo aliyeshindwa mnada kwenu Jumatano jioni alikuwa na namna ya kurudi nyumbani. Wetu wataanzia kusoma ukurasa wa pili. Mabasi ya mwendokasi tumeyapata 2016 na bado tunagombea mlango. Ukitaka kufika kazini na vifungo vyote vya shati, unahangaikia Vitz. Wakishajua kwamba karatasi inaweza kuuzwa mara tano ya bei ya gari, na kwamba baada ya miaka 10 inauzwa tena kwa mtu yuleyule, treni haitatajwa kwenye bajeti yoyote, na hiyo Vitz nitaiona kwenye kalenda.

Nikiwatakia mnada mwema,

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mnunuzi wa Mitumba ya Magurudumu Manne,
Dar es Salaam.

Nakala: Hazina (isitumwe).