Heko kwa Mlinzi Asiyenijua

Laptopu yangu ilirudi kutoka kwa fundi Jumamosi jioni, imefutwa vumbi hadi kwenye matundu ya feni, inanukia spiriti, na nilipoiwasha ikanikaribisha kwa jina la USER. Fundi alikuwa ameipiga Windows upya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inawaka taratibu kiasi kwamba ungeweza kuinjika maharage ukayaepua bado inajizungusha. "Mzee, mafaili yako yote yapo, sijagusa kitu, yako D," aliniambia huku akihesabu hela yake. Hakusema uongo. Folda yenye jina langu niliiona, herufi kwa herufi. Ndani yake mna picha za harusi ya dada yangu, hesabu za kikoba cha mtaa, na sura tatu za kitabu ninachokiandika tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno. Nikabofya. Kompyuta ikaniambia sina ruhusa ya kuingia humo.

Siku ile nilitukana. Leo nimetulia, chai iko pembeni, na nimekusudia kuisifu kero hiyo kadiri inavyostahili, maana naona imelaumiwa mno na watu wasioijua thamani yake.

Nianze na uadilifu. Kwetu sisi mlango ukifungwa mtu hatafuti ufunguo, anatafuta anayejuana na mwenye mlango. Ukizuiwa getini unauliza, "Unanijua mimi ni nani?" na mlinzi, hata kama hajawahi kukuona, anaanza kukadiria kitambi chako na gari ulilokuja nalo. Mlinzi wa folda yangu hana habari na vitambi. Nilimwuliza kama ananijua, akanijibu kwa upole kwamba hanijui. Nikafungua akaunti mpya kwa jina langu lilelile la zamani, nikaiwekea nywila ileile, nikarudi mlangoni nimejaa tabasamu. Bado hanijui. Huyu hali rushwa, hana shemeji, hakusoma na mtu yeyote sekondari.

Na ana hoja. Windows haimtambui mtu kwa jina. Kila akaunti hupewa namba ndefu, kwa kawaida ikianza na S-1-5-21, kisha mafungu matatu ya tarakimu yanayozaliwa siku mfumo unapowekwa, na mwisho kabisa namba ya mhusika: 500 ni ya msimamizi anayekuja na mfumo wenyewe, 501 ni ya mgeni, na sisi raia wa kawaida tunaanzia 1000 kwenda mbele. Folda haiandiki kwamba mwenyewe ni fulani, inaandika namba hiyo. Ukipiga Windows upya, daftari la raia linachomwa moto na jingine linafunguliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na huanza na tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo hata ukiisahau una pa kuanzia. Hii ya kompyuta haina huruma hiyo. Mwenye folda amekufa, na wewe uliyekuja umefanana naye jina tu, kama ulivyorithi jina la marehemu babu yako, na sijasikia benki iliyompa mtu akiba ya babu kwa sababu ya kufanana majina.

Nikafungua sehemu ya usalama ya folda ile ili nione basi ni nani mwenye ruhusa. Pale palipotakiwa kuwa na jina langu palikuwa na kichwa kidogo cha mtu chenye alama ya kuuliza, na maelezo kwamba akaunti hiyo haijulikani, kisha ile namba, ndefu mno hata haikuenea kwenye kisanduku, ikabidi niusogeze mstari taratibu kwa mshale wa kibodi mpaka nikaifikia 1001 ya mwisho. Niliitazama kwa muda. Ndiye mimi huyo, mimi wa wiki iliyopita. Wangapi wamejaliwa kusimama mbele ya kaburi lao wakahakiki kwamba namba imeandikwa sawasawa?

Lazima nikiri kwamba komeo lile nililitia mwenyewe. Kwa kawaida msimamizi wa kompyuta huachiwa njia, anabofya kitufe cha kuendelea, anangoja kidogo, anaingia. Lakini mwaka juzi mpwa wangu alizikuta hesabu za kikoba akazisoma kwa sauti sebuleni, mbele ya wadaiwa wawili. Usiku huohuo niliingia kwenye ruhusa nikafuta kila mtu, wasimamizi na hata mfumo wenyewe, nikajibakiza peke yangu. Nililala usingizi mzuri sana.

Wanaolalamika wamesahau enzi za ukarimu. Windows 95 nayo ilikuwa na kisanduku cha nywila: kinatokea, kinakuuliza wewe nani, unabonyeza Esc, unaingia. Kilikuwa kama pazia la mlangoni, linapepea vizuri na halizuii hata kuku. Na kama unataka ukarimu wa kweli, rudi nyuma zaidi, hadi MIT huko Marekani katikati ya miaka ya 1960, kwenye mfumo wa CTSS uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa pamoja. Msimamizi mmoja alikuwa anahariri salamu ya siku, mwenzake anahariri orodha ya nywila. Programu ya kuhariria ililipa faili la muda jina lilelile bila kujali nani anaitumia, mafaili mawili yakapishana, na kila aliyeingia siku hiyo akapokewa kwa nywila za watu wote badala ya salamu. Fernando Corbató, aliyeongoza ujenzi wa mfumo huo, alikisimulia kisa hicho mwenyewe baadaye. Hapo ndipo utaona heshima ya kukataliwa. Mimi hata picha ya bibi harusi nilinyimwa.

Kero hii ina ndugu yake, profaili ya muda. Wakati mwingine kompyuta ikishindwa kulisoma kabati lako, yaani profaili yako, haikufukuzi. Inakuazima chumba cha wageni: ukuta mtupu, hakuna faili hata moja kwenye skrini, na ujumbe mdogo kwamba umeingia kwa muda. Mtu asiyesoma ujumbe anafurahia usafi, anaandika ripoti, anaihifadhi palepale kwenye skrini, anatoka. Akirudi, hakuna ripoti wala chochote alichokiweka. Masheikh na mapadri wamehubiri miaka nenda miaka rudi kwamba dunia ni mapito na sisi hatubebi kitu, na waumini wanasinzia. Profaili ya muda inalihubiri somo hilo kwa dakika moja, na sijaona aliyesinzia. Aghalabu dawa yake imejificha kwenye rejista, kwenye orodha ya profaili, ambako ile namba yako imeongezewa mkia wa .bak na pacha wake mtupu amekalia kiti. Unambadilisha jina pacha, unamkata mwenyewe mkia, unawasha upya. Yaani hata ufufuo upo, kwa wenye imani na wenye nakala ya rejista.

Kuna watakaosema ningehamia Linux nipone. Mpwa wangu yuleyule, ambaye siku hizi anasomea kompyuta chuoni, husema hivyo kila nikikohoa. Basi na Linux isifiwe. Kule nako mtu ni namba, ila ni fupi: katika Ubuntu na Debian akaunti ya kwanza hupewa 1000, inayofuata 1001. Fedora ilikuwa ikianzia 500 hadi toleo la 16 la mwaka 2011, ikahamia 1000, na walioweka toleo jipya huku wameacha folda zao za nyumbani zilivyo wakakuta nyumba ni zao lakini mwenyewe ni bwana 500, mtu asiye na jina.

Ila uhondo uko kwenye namba kufuata zamu. Chukua nyumba ya mume na mke wenye kompyuta moja, folda za nyumbani ziko kwenye kizigeu cha diski cha peke yake na hazikuguswa. Mume alijisajili kwanza, 1000, mke 1001. Mfumo ukawekwa upya na safari hii mke akatangulia. Papo hapo kila faili la mume, barua, picha, mazungumzo aliyoyahifadhi kwa sababu anazozijua yeye, ni mali halali ya mke, na mume akijaribu kuifungua folda yake mwenyewe anaambiwa hana ruhusa. Hakuna aliyevunja kitu. Hakuna nywila iliyoibwa. Mpwa wangu anasema amri ya chown inarekebisha mambo hayo kwa sekunde chache, nami namwamini, lakini kuna nyumba ambamo sekunde chache ni nyingi.

Nafika kwenye ushujaa wake, na hapa msifiaji inabidi ameze mate kidogo. Mlinzi niliyemsifu tangu mwanzo anamzuia mwenye nyumba tu. Mwizi ambaye angeichukua laptopu yangu angeiwasha kwa flashi yenye Linux, ambayo kwa kawaida haijali ruhusa zile, akasoma hesabu za kikoba mstari kwa mstari. Angeweza pia kuichomoa diski akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, akajitangaza mmiliki. Ni kama nyumba yenye geti la chuma na ukuta wa makuti. Lakini ni walinzi wangapi wa mitaani kwetu wamewahi kufanya zaidi ya hapo, na tunawapa chai ya saa kumi?

Anayestahili saluti kamili ni yule aliyeyasimba mafaili yenyewe. Kama uliwahi kuweka alama ya kusimba kwenye sifa za faili, Windows ililifunga kwa cheti kilichokaa ndani ya akaunti yako ya zamani. Akaunti ikifutwa na cheti hukukitolea nakala, chukua umiliki, badilisha ruhusa, lia: faili utaliona, jina lake utalisoma, ukubwa wake utaujua, maneno yake hutayaona tena. BitLocker naye, aliyemo kwenye laptopu nyingi za siku hizi hata kwa wasiojua kama yumo, huulizia namba ya tarakimu 48, na hapo hata yule mwizi wa flashi anakaa chini. Yangu niliitafuta baada ya mkasa huu nikaikuta kwenye akaunti ya mtandaoni. Nimeinakili kwa kalamu kwenye jalada la daftari la kikoba, ambalo sasa ndilo kitu cha siri kuliko vyote humu ndani.

Mpwa alikuja Jumapili baada ya ibada. Aliangalia ruhusa za folda, akaniangalia mimi. "Mjomba, ulifuta mpaka mfumo?" Nikasema wakati ule ilikuwa lazima. Hakunikumbusha kwa nini, na hilo nimelihesabu kuwa adabu. Akafungua dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi, akaandika takeown, kisha icacls, na mistari ikaanza kupanda kwenye skrini kama siafu ukutani, faili moja moja, zaidi ya 30,000, dakika arobaini hivi. Alinionya nisije nikaijaribu dawa hiyo kwenye folda ya Windows yenyewe wala kwenye C nzima, maana huko kuna mafaili ambayo hata msimamizi si mwenyewe, na aliyewahi kuyapora kwa pupa huishia kurudi kwa fundi.

Picha ziko salama. Sura tatu ziko salama, nimezisoma, na nadhani kompyuta ilikuwa na sababu zake za kuzizuia. Kwenye orodha ya ruhusa, kichwa chenye alama ya kuuliza bado kipo na namba yake ndefu. Mpwa aliniuliza kama akifute, nikamwambia akiache.

Chini ya kichwa hicho ndipo palipoandikwa mmiliki mpya wa harusi ya dada yangu, wa madeni ya mtaa mzima na wa kitabu changu: ni USER. Fundi, kama gazeti hili limekufikia, mimi siitwi hivyo. Jina langu liko kwenye risiti uliyoiandika mwenyewe.