Kigari cha Umeme na Sisi wa Likasi

Hongera, bwana mpenzi wa magari ya kale huko Ulaya. Tumesikia umeifufua CitiCar yako, kile kigari cha umeme kilichoundwa Florida miaka ya 1970, watu wawili wakiingia kimejaa, chenye umbo la kipande cha jibini. Umekipaka rangi, umekibadilishia breki, umetoa betri nzito za risasi na kutia za lithiamu. Wenzako wanakusifu: umeokoa historia, na hewa pia.

Sisi wa Likasi tunashangilia nawe, maana huenda betri hizo zina kobalti ya kwetu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka huku kwetu Kongo. Basi sisi nasi ni wafadhili wa klabu yenu, ingawa kadi za uanachama hazijatufikia.

Tena usidhani umeme ni mgeni huku. Reli ya kutoka hapa kwenda Tenke ilianza kuvutwa kwa umeme mwaka 1952, mji ukiitwa Jadotville, wakati kigari chako hakijawa hata mchoro. Kama ni ukale, huo ndio ukale! Wapenzi wa kuung'arisha hatujawaona.

Siku hizi umeme ukikatika, mama wa jirani huwasha mbabula, jiko la makaa yaliyoletwa kwa baiskeli. Nayo haihitaji betri.

Ukitaka kututembelea na kigari chako, karibu sana. Ila njoo na chaji ya kurudia.